Kabondo imepiga kura mara ngapi?



Siku hizi, likelemba ikiisha, tunabaki kidogo na kuandika katika kaye moja. Si kaye ya pesa. Ni ya kura. Ilianza kwa mabishano. Mama mmoja alisema watu wa uchaguzi huja kwetu na vitenge na chumvi kila miaka mitano, mwingine akamkatalia: miaka mitano ya wapi? Kila mmoja akataja mwaka wake, na miaka ikakataa kulingana. Basi tukaamua kuwauliza wakoko wetu na kuyaweka mambo kwa mpangilio. Leo tunawasomea tulichopata mpaka sasa.

Kura ya kwanza mjini hapa ilipigwa Desemba 1958, mji ukiitwa bado Stanleyville. Ilikuwa ya kuchagua washauri wa tarafa za mji. Waliopiga ni wanaume peke yao. Desemba 1959 watu wakachagua tena, na safari hii Patrice Lumumba alikuwa gerezani, amekamatwa baada ya ghasia za tarehe 30 Oktoba hapa hapa mjini. Chama chake, MNC, kilishinda mji mzima kwa kishindo hata hivyo. Mei 1960 ikaja kura ya bunge la taifa na la jimbo. Jean-Pierre Finant wa chama hicho ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Jimbo la Mashariki. Mwaka uliofuata aliuawa kule Bakwanga.

Mwaka 1960 pia wanawake hawakupiga kura. Tulipomuuliza koko mmoja yeye alifanya nini siku hiyo, alitutazama kama watu waliouliza swali la kitoto. "Nilipika lituma," akasema. "Wanaume walirudi na njaa." Walioimba barabarani, waliobeba maji, waliowaficha watu waliotafutwa, wengi walikuwa wanawake, lakini uhuru uliingia bila karatasi hata moja ya mwanamke sandukuni. Jambo hili vijana wetu wa kike hawalijui, na shuleni halisemwi sana.

Haki ya kura tuliipata mwaka 1967, kwa katiba ya Mobutu. Tuipokee kwa shukrani, lakini tuangalie ilifika na nini. Novemba 1970 nchi nzima ilikwenda kumchagua rais, mgombea akiwa mmoja. Ulipewa karatasi mbili: ya kijani ni tumaini, nyekundu ni vurugu. Matokeo yaliyotangazwa yalihesabu watu 157 tu waliosema hapana katika Zaire ya kesho, nchi yenye mamilioni ya wapiga kura. Wakoko wetu bado wanacheka hiyo 157, wanauliza walikuwa nani na kama walirudi nyumbani. Mwaka 1975 hata karatasi hazikuhitajika: wabunge walipitishwa kwa makofi na kelele uwanjani. Baadaye, 1977, 1982 na 1987, karatasi zilirudi, lakini ndani ya chama kimoja. Mama aliyezaliwa 1949 alikuwa na miaka 56 siku alipoulizwa kwa mara ya kwanza anachotaka, akiwa na ruhusa ya kusema tofauti.

Siku hiyo ilikuwa Desemba 2005, kura ya katiba. Kati ya 1987 na hapo tuliishi mambo ambayo si ya gazeti hili: miaka ya vita, na zile siku sita za Juni 2000 ambazo majeshi ya Rwanda na Uganda walipigana juu ya vichwa vyetu. Ndiyo maana 2006 watu walipanga mstari kabla jua halijatoka. Tarehe 30 Julai tulichagua rais na wabunge wa taifa. Wagombea wa urais walikuwa 33, na wanne kati yao wanawake. Tarehe 29 Oktoba ilikuwa duru ya pili ya rais, na pamoja nayo wabunge wa jimbo.

Hapa ndipo mabishano yetu yalipopata jibu. Wengi tunamkumbuka rais wa kila uchaguzi. Wabunge wa jimbo hatuwakumbuki. Lakini hao ndio wanaomchagua gavana na maseneta, ndio wanaopitisha bajeti ya jimbo na kodi zake. Waliochaguliwa 2006 walipaswa kukaa miaka mitano. Mwaka 2011 tulipiga kura ya rais na ya wabunge wa taifa, ya jimbo haikufanyika. Mwaka 2015 jimbo lenyewe lilikatwa vipande vinne, Tshopo, Ituri, Haut-Uele na Bas-Uele, na wabunge wale wale wakagawanywa kila mmoja kwao. Kura ya jimbo ilirudi tarehe 30 Desemba 2018, ile ya mashine. Mtoto aliyezaliwa siku ya kura ya 2006 alikuwa na miaka 12, yuko shule ya sekondari. Tuliweka hesabu hiyo katika kaye kwa wino mwekundu. Yule mama aliyesema "kila miaka mitano" alinyamaza, lakini si kwa muda mrefu.

Mei 2022 wabunge wa jimbo walimchagua gavana mwanamke, Madeleine Nikomba. Tulifurahi, tusifiche. Wasichana wetu waliona kwamba kiti kile hakina jinsia. Ila furaha hiyo haikupita mikononi mwetu, gavana hachaguliwi na wananchi.

Halafu ikaja 20 Desemba 2023, ambayo kwetu sisi ni tarehe kubwa kuliko inavyosemwa. Kwa bunge la taifa na la jimbo, mji wa Kisangani wote ni eneo moja la uchaguzi: Kabondo, Makiso, Tshopo, Mangobo, Lubunga na tarafa ya Kisangani zinagombea viti vile vile. Mama wa Kabondo mwenye jina kwenye soko letu hana jina ng'ambo ya mto. Lakini siku hiyo, pamoja na kura ya rais na wabunge, tulichagua pia washauri wa tarafa, kwa mara ya kwanza tangu chama kimoja kife. Katika kura hiyo Kabondo ni eneo lake yenyewe. Kwa sheria ya 2008, washauri hao ndio wanaomchagua burugumesta na msaidizi wake, cheo ambacho tumezoea kuona mtu ameteuliwa kutoka juu. Kodi ya meza sokoni, mifereji, takataka, taa: hayo ni mambo ya tarafa, si ya Kinshasa.

Sasa tuseme jambo ambalo limetufanya tuandike. Sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa 2022 inasema kwamba orodha ya wagombea ambayo nusu yake ni wanawake hailipi dhamana. Ni sheria nzuri. Lakini katika vikundi vyetu wamama wametusimulia jinsi walivyofuatwa: leta picha, leta kadi, weka sahihi hapa. Baada ya hapo hakuna mkutano, hakuna bango, hakuna foranga ya kampeni. Jina la mama liliokoa pesa ya chama, likaishia hapo.

Na kuna la pili, gumu kidogo, tusomeni polepole. Kura tunayompa mgombea mmoja huingia kwanza kwenye mfuko wa orodha yake. Orodha hupata viti kwa wingi wa kura za wote waliomo, kisha kiti huchukuliwa na aliyepata kura nyingi zaidi ndani yake. Kwa hiyo mama aliyepata kura 60 za majirani na wa kanisani amesaidia kumpandisha bwana mwenye 400. Katika likelemba kila anayeweka ana zamu yake ya kupokea. Huku unaweka, na zamu haifiki.

Hatusemi tususie. Tunasema mama asiweke sahihi kabla ya kuuliza: orodha ina wagombea wangapi, nani anagharimia kampeni yangu, na kikundi gani cha wanawake kimekubaliana kukusanya kura zake kwa mtu mmoja badala ya kuzigawa kwa watano? Ikiwa wamama watano wa kartie moja wamo katika orodha moja na wanagawana soko lile lile, hakuna atakayepita. Wakikubaliana mapema nani atangulie, hesabu inageuka. Uchaguzi ujao unatarajiwa 2028, na orodha hutengenezwa miezi mingi kabla. Wanaume wa vyama wameshaanza kutembea, tumewaona.

Kadi pia. Hapa nchini kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chetu kila mahali, na nyingi za 2023 zimefifia mpaka jina halisomeki. Msingoje siku ya kura kuitafuta, wala msiitupe: nambari ikionekana bado, inasaidia kupata nakala.

Kaye yetu ina mapengo. Hatuna mtu aliyekumbuka vizuri kura za 1982 na 1987 hapa Kabondo, wakati tarafa ziliitwa zone, wala nani walikuwa wagombea wanawake wakati huo. Kama una mama au koko aliyekuwa mtu mzima miaka hiyo, mlete Jumamosi baada ya likelemba. Asiyeweza kutembea, tuambieni mapema; pikipiki italipwa na sanduku, kwenda na kurudi.