Kosa la Madawati Lilikuwa Langu

Baba yangu alikuwa seremala Kihesa, mjini Iringa, tangu kabla sijazaliwa hadi alipofariki mwaka 2021. Miaka yake ya mwisho aliiishi akisemwa kuwa ndiye fundi aliyewatengenezea watoto wa shule madawati ya mbao mbichi. Hakufanya hivyo. Niliyefanya ni mimi. Nikamwacha abebe lawama akiwa hai, na siku ya mazishi nikasimama mbele ya waombolezaji, nikasoma wasifu wa marehemu bila kuligusa jambo hilo.

Lazima kwanza niseme Baba alivyokuwa na mbao. Kwetu Iringa mbao si shida. Malori ya paini yanatoka Sao Hill kule Mufindi, shamba la miti la Serikali lililo kubwa kuliko yote nchini. Shida ni kupata mbao iliyokauka. Baba alinunua leo mbao za kazi ya mwakani. Alizipanga nyuma ya karakana, zimeinuliwa juu ya matofali, zimefunikwa bati, na kila safu ameitenga na nyingine kwa vipande vyembamba vya mti ili upepo upite katikati. Ncha za mbao alizipaka rangi zisipasuke. Mteja mwenye haraka aliambiwa asubiri au aende kwa fundi mwingine. Wengi walisubiri.

Ada zetu zote zilitoka kwenye karakana ile. Januari ilipobana, Mama alimsihi auze japo nusu ya zile mbao. Baba aliona heri akakope kwa jirani kuliko kuzigusa. Jioni alirudi na vumbi la mbao kwenye nyusi, akanawa, na hakula mpaka sote tumekaa. Dada yangu mkubwa alipoolewa alipewa kitanda na kabati, kazi ya usiku, baada ya kazi za wateja. Jirani aliyefiwa na mtoto mchanga hakulipia jeneza. Mimi alinishikisha randa nikiwa bado shule ya msingi, na kitu cha kwanza alichonifundisha ni kuitambua mbao mbichi: uzito wake mkononi, ubaridi wake shavuni, maranda yake yanayonata kwenye randa. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Mwaka 2016 elimu bila ada ilijaza madarasa, na Rais Magufuli akaagiza kwamba ifikapo tarehe 30 Juni mwanafunzi yeyote asikae sakafuni. Nchi nzima ilikuwa inatafuta madawati. Shule moja ya msingi jirani yetu ilimpa Baba kazi ya madawati 60. Aliikubali kwa furaha ambayo sijaisahau, kwa sababu wadogo zangu walisoma hapo. Kazi ikiwa inaendelea, bibi mzaa baba akaugua kule Kilolo. Baba akaenda kumuuguza, akaniachia karakana na vijana wawili. Agizo lake lilikuwa moja: "Mbao kavu zikiisha, simamisha kazi. Mwalimu nitazungumza naye mwenyewe."

Mbao kavu ziliisha kabla hatujafika nusu. Sikusimamisha kazi. Nilinunua mbao zilizopasuliwa mwezi uleule, nzito, zinanuka utomvu, kwa bei ya chini sana. Nilijiambia kwamba tarehe imekaribia na watoto wanakaa chini. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba pesa iliyobaki niliiongeza kwenye malipo ya kwanza ya pikipiki niliyokuwa naitamani. Kijana mmoja wa karakana aliniuliza, "Kaka, Mzee amezikubali hizi?" Nikamwambia afanye kazi.

Baba aliporudi alikuta madawati yote yamepakwa vanishi na kupangwa uani. Alipitisha kiganja juu ya dawati la mbele, kisha akaniuliza mbao za ziada nimezipata wapi. Nikamjibu, "Kwa mtu aliyezianika tangu mwaka jana, Baba." Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini kwa sababu nilikuwa mwanawe na alinifundisha mwenyewe.

Siku ya kupokewa, madawati yalikuwa yamenyooka na kamati ikayasifu. Mbao hudanganya hivyo. Maji yaliyomo hutoka kwanza bila ubao kubadilika umbo. Kusinyaa huanza unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi, na samani ya ndani hutulia ikibaki na kama asilimia 12. Ulimi wa kuingia kwenye tundu ukichongwa ukiwa bado umejaa maji, hukonda ukikauka. Kiangazi cha Iringa kilimaliza kazi hiyo. Kufikia Oktoba viti vilikuwa vinacheza, mbao za juu zimejikunja, misumari imechomoza. Dawati moja likaachia, mtoto akabanwa vidole. Kwenye mkutano wa wazazi mtu akasimama akasema mzee ametuibia. Baba alikuwepo. Mimi pia nilikuwepo, nimekaa nyuma yake.

Kesho yake alikwenda shuleni na zana zake. Alifungua dawati moja, akauangalia ulimi unavyochezacheza ndani ya tundu, akajua. Hakuniuliza neno. Aliniambia tu, "Njoo unishikie mbao." Tulirudia madawati yote mabovu kwa mbao kavu alizonunua kwa pesa ya ada ya chuo ya mdogo wangu, ambaye alisubiri mwaka mzima nyumbani. Mwalimu mkuu alipomuuliza ilikuwaje, Baba alijibu, "Karakana ni yangu." Mimi nilikuwa nimesimama pale, nina nafasi ya kusema, nikainamia msumeno.

Nimejidanganya muda mrefu kwamba Baba alichagua kunilinda na kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa kuheshimu uamuzi wake. Sivyo. Yeye alifanya la mzazi. La mtoto lilikuwa kusema, na sikusema kwa kuwa kunyamaza kulinifaa. Baada ya hapo kazi kubwa zilikwenda kwa wengine. Mtu aliyetengeneza milango na makabati ya nusu ya mtaa alimalizia kwa kuchonga vigoda na mipini ya majembe. Watu walisema amezeeka, mkono umechoka. Mkono wake haukuwahi kuchoka. Vigoda vile bado vinakaliwa mpaka leo.

Kanisani nilisoma kwamba alikuwa fundi hodari na mwaminifu, na nikasikia mtu nyuma akinong'ona habari ya madawati. Nilimsikia vizuri. Nikageuza ukurasa, nikaendelea kusoma majina ya wajukuu.

Nimeshamwambia Mama. Alilia, kisha akasema alijua tangu siku ile Baba alipochukua pesa ya ada bila kueleza. Nimewaambia wadogo zangu, na huyu aliyesubiri chuo bado hajazungumza nami. Sina haki ya kumharakisha. Nimekwenda kwa mwalimu mkuu wa sasa kuomba nafasi kwenye mkutano wa wazazi, niseme pale pale Baba alipotuhumiwa. Ameniruhusu. Pesa ya mbao alizonunua Baba nitamrudishia mdogo wangu, ingawa mwaka wake siwezi kuurudisha.

Kwa wazazi wa shule ile, na kwa kila aliyemnyima Baba kazi baada ya 2016, nasema hivi: fundi mliyempa kazi hakuwaibia. Aliwatengenezea madawati kwa mbao kavu mpaka siku aliyokwenda kumuuguza mama yake, na aliporudi alilipa mfukoni mwake uharibifu ambao hakuufanya. Lawama mliyompa ni yangu, naichukua. Yeye mrudishieni jina lake.