Fizi zikitoka damu, usiache mswaki

Leo niwaambie kosa lililonipotezea gego.

Tulipofika hapa Nakivale kutoka Kongo nilikuwa na miaka 15. Nikipiga mswaki, upande wa kushoto fizi zinatoka damu. Nikasema basi, mswaki unaniumiza, nikaacha kabisa kusugua upande ule. Hata mama alinielewa, maana yeye naye aliacha hivyo hivyo zamani, na meno yake ya mbele yanacheza.

Kumbe damu ilikuwa inaletwa na ukoga uliojaa kando ya fizi. Mimi nilipoacha kuutoa, ndiyo ukazidi. Halafu chai ya sukari nilikuwa nainywa kidogo kidogo kutwa nzima, na kila ukionja kitamu, vijidudu vya mdomoni vinatengeneza asidi ya kula jino. Siku tatu sikulala kwa maumivu. Likang'olewa.

Sasa nyumbani kila mtu ana mswaki wake. Tunasugua taratibu mpaka kwenye fizi, mara 2 kwa siku, dakika 2, kwa dawa yenye floraidi. Usiku ni lazima. Tukimaliza tunatema povu tu, hatusuuzi kwa maji. Chai ya sukari ni wakati wa chakula. Damu ikiendelea wiki mbili, nenda kliniki.

Jana mama alitema damu, akaniangalia. Nikamwambia, "Mama, usiache. Endelea polepole." Akaendelea.