Kufa na Kupona na Wasomaji Wake

Kufa na Kupona, riwaya ya Aristablus Elvis Musiba, ilitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1974. Nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa, na mpelelezi Willy Gamba anatumwa kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi kuzisaka. Tangu hapo msomaji hapewi nafasi ya kuvuta pumzi: anafukuzwa pamoja na Gamba, anaviziwa pamoja naye, na mara nyingi anajua hatari imefika pale tu inapogonga mlango.

Kabla ya Gamba, msomaji wa Kiswahili alizoea mpelelezi wa namna nyingine. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza kuchapishwa kitabuni mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale, alikuwa mtu wa kiko na fikra, na raha ya hadithi zake ilikuwa kufumbua fumbo pamoja naye. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, mwaka 1965, iliuleta uhalifu katika mitaa ya Dar es Salaam. Musiba alibadilisha swali lenyewe. Badala ya kuuliza nani kaua, msomaji aliuliza Gamba atatokaje humo alimoingia.

Ndiyo maana sifa ya kwanza ambayo wasomaji wa miaka ya 1970 na 1980 walikipa kitabu hiki ilikuwa kasi. Ukikishika hukiachi, walisema, na waliokuwa shule za bweni wanakumbuka kukisoma kwa tochi chini ya blanketi baada ya taa kuzimwa. Nakala moja ilizunguka mikono mingi hata ikapoteza jalada, kisha kurasa za mwisho. Aliyefikiwa na nakala ya namna hiyo alimtafuta mwenzake aliyewahi kumaliza, akasimuliwa mwisho kwa mdomo. Wengine walikilinganisha na vitabu vya James Hadley Chase na vya James Bond vilivyokuwa vikisomwa kwa Kiingereza. Kwao tofauti kubwa ilikuwa kwamba shujaa huyu alikuwa Mwafrika, akitumwa na Waafrika, akizungumza lugha yao wenyewe.

Maoni ya wahakiki yalikuwa makali zaidi. Katika Tanzania ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, fasihi ilitarajiwa kulea taifa linalojitegemea, na riwaya za mbio na bastola zilionekana kuipotosha kazi hiyo. Rajmund Ohly, mtaalamu wa Kiswahili, alichapisha Dar es Salaam mwaka 1981 kitabu kizima juu ya nathari ya miaka ya 1970, na katika jina lake akaiita nathari hiyo kali na ya kushambulia. Riwaya hizi ziliwekwa katika kundi la fasihi pendwa, mbali na fasihi dhati, na mgawanyo huo ukaingia madarasani. Lawama za kawaida zilikuwa mbili. Kwanza, Gamba anaishi maisha ya anasa ambayo wananchi wake hawayajui. Pili, wanawake wanaomzunguka huelezwa zaidi kwa sura na maumbile yao kuliko kwa akili zao. Lawama hii ya pili ina haki kamili, na kila kizazi kipya cha wasomaji kinaiona upesi zaidi kuliko kilichotangulia.

Lawama ya kwanza ililenga pembeni. Macho yalipotua kwenye vinywaji na magari, nyaraka zenyewe zilisahauliwa. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), iliyowasaidia wapigania uhuru, tangu mwaka 1963. Humohumo, tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Ureno, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kama kifurushi. Kitabu cha Musiba kilitoka mwaka uleule ambao serikali ya kidikteta ya Ureno iliangushwa, na Msumbiji ilipata uhuru mwaka uliofuata. Kwa msomaji wa siku hizo, adui mwenye jasusi na kilipuzi hakuwa kitu cha kubuni. Aliwahi kuua mjini hapo, katika makazi ya watu.

Hata safari ya Gamba ilibadilika maana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Kwa waliokisoma katika kipindi hicho, Mtanzania anayeingia Nairobi na kufanya kazi humo alikuwa habari ya siku zilizopita.

Badiliko kubwa lilikuja baada ya mwaka 1994. Utawala wa ubaguzi wa rangi ulikwisha Afrika Kusini kwa kura ya watu wote, na Kamati ya Ukombozi ikafunga kazi yake. Adui wa Gamba aliondoka duniani, naye msomaji aliyezaliwa baadaye huhitaji kuelezwa kwa nini mtu afe kwa ajili ya karatasi. Kasi nayo haimshangazi tena. Amekulia kwenye filamu na hadithi za magazetini zinazokatwa kila toleo mahali pa hofu, na mpelelezi asiye na simu ya mkononi kwake huonekana mzito.

Msomaji wa zamani anayekirudia leo husoma kinyume na alivyosoma akiwa kijana. Zamani aliruka maelezo ya nyaraka ili awahi mapigano. Sasa mapigano huyapitia haraka, akasimama kwenye maelezo yale, na anayesoma pembeni yake akiuliza Kamati ya Ukombozi ilikuwa nini, hukiweka kitabu magotini na kuanza kumsimulia.