Msingi wa Mashine Ufukoni mwa Ziwa Nyasa

Mwenye kutaka kusimika mashine ya kusaga katika Lipingo hukutana na shauri gumu kabla hajanunua hata mfuko mmoja wa saruji: aiweke wapi? Chini ufukoni ndiko waliko watu. Huko hufika mitumbwi, huanikwa usipa, na hupita kina mama wenye muhogo mkavu na mahindi vichwani. Mashine ikiwa hapo haikosi kazi. Juu, milima inapoanza, ardhi ni ngumu, lakini njia ni ya kupanda, na mwenye debe kichwani hapendi kupanda. Aghalabu biashara hushinda, na zege humwagwa juu ya mchanga. Katika nchi nyingine shauri hilo lingekuwa la faida na hasara tu. Kando ya Ziwa Nyasa linaihusu ardhi yenyewe.

Ziwa hili halikuchimbwa na mito. Ni ufa wa dunia uliojaa maji, ambao kina chake hufikia mita 700, na kingo zake hazijatulia bado. Tarehe 10 Machi 1989 tetemeko lilipiga Salima, ng'ambo katika Malawi, likaua watu 9 na kuacha maelfu bila makao. Disemba 2009 ikawa zamu ya Karonga, upande wa kaskazini wa ziwa: matetemeko yalifuatana siku baada ya siku, na la tarehe 19 likafika kipimo cha 6.0. Huko ardhi ilipasuka, na mchanga uliochanganyika na maji ukabubujika juu kwa matundu. Habari hiyo ya mchanga yamhusu mwenye mashine kuliko hesabu ya kuta zilizoanguka.

Desturi ya mafundi ni kuupa msingi wa injini ya pistoni uzito wa mara tatu hadi tano ya uzito wa injini. Desturi hiyo ni njema. Injini ya zamani ya silinda moja, yenye mwendo wa mizunguko 650 kwa dakika, huutikisa msingi wake karibu mara 11 kila sekunde, kutwa nzima. Bila uzito chini yake ingetangatanga sakafuni kama mbuzi aliyekata kamba. Lakini kutokana na hayo wengi wameamini kuwa uzito ni kinga ya kila jambo, na hapo ndipo wanapokosea. Zege la urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 0.7 lina uzito wa tani 5 hivi. Tetemeko likiisukuma ardhi kando kwa nguvu iliyo sehemu moja katika tano ya nguvu ya uzito, zege hilo hupata msukumo wa tani moja ubavuni. Uzito ukiongezwa maradufu, msukumo nao huwa maradufu. Zege haliwezi kujishika lenyewe. Hushikwa na kilicho chini yake.

Penye mwamba, zege na ardhi huenda pamoja. Mtikiso ni wa ghafula na mkali, na hatari yake huangukia bolti: zikiwa fupi, au zimeliwa na kutu, hukatika, na injini hung'oka juu ya msingi uliobaki mzima. Hilo ni dogo, maana bolti hununuliwa. Mwamba wenyewe si haba katika mwambao huu. Liuli iliitwa Sphinxhafen na Wajerumani kwa sababu ya umbo la jabali lake.

Mchanga ni jambo jingine. Ukiwa mkavu na haukushindiliwa, injini yenyewe huanza kuushindilia kidogo kidogo kila siku, na msingi huinama upande mmoja hata kabla ya tetemeko lolote. Ukiwa umeshiba maji, kama ulivyo karibu na ziwa, tetemeko huzifanya chembe zake ziachane. Maji hubeba mzigo uliokuwa ukibebwa na chembe, na kwa dakika chache ardhi huwa kama uji. Katika Niigata, Japani, tarehe 16 Juni 1964, majumba ya ghorofa yalilala ubavu bila kuvunjika, na matangi yaliyozikwa yakaelea juu. Kwa msingi wa mashine maana yake ni kuzama, na haifai kudhani kwamba utazama wima.

Matope laini ya ziwa yana tabia yake pia: hubembea, na huukuza mtikiso uliotoka mbali. Tetemeko la Mexico la tarehe 19 Septemba 1985 lilianzia pwani, zaidi ya kilomita 300 kutoka mji mkuu. Walakini sehemu za mji zilizojengwa juu ya ziwa la kale ziliangamia, na zile za vilimani penye mwamba zikapata madhara machache.

Lakini ubaya uliozidi wote aghalabu haufikiriwi, nao ni wa penye mteremko. Huko Umatengo, na kila mahali kilima kinapokatwa ili kupata uwanja, udongo uliochimbwa nyuma humwagwa mbele. Uwanja huonekana sawa kwa pimamaji. Injini husimama kwenye ardhi ngumu, kinu kikasimama kwenye kifusi, na mkanda umeviunganisha. Nchi ikitetemeka kifusi hushuka, ardhi ngumu haishuki. Mkanda huruka, shafti hupinda. Kijana anayeihudumia injini husimama hatua moja tu kutoka gurudumu lake zito, ambalo haliachi kuzunguka kwa sababu ya kuambiwa.

Asiyeweza kuuacha ufuko ana la kufanya, ijapokuwa lina gharama. Afukue mchanga mlegevu, arudishe changarawe tabaka kwa tabaka akishindilia, na asogee mbali na maji kadiri wateja watakavyovumilia. Injini na kinu viwe juu ya zege moja pana lenye nondo, ili likiinama viiname pamoja. Bomba la mafuta liwe na kipande cha mpira kinachoweza kupinda. Na baada ya tetemeko mtu asiiwashe injini kwa haraka, hata kina mama wakiwa wamepanga foleni na debe zao: aweke pimamaji juu ya zege, agonge kila bolti asikie mlio wake, avue mkanda, kisha alizungushe gurudumu kwa mkono mzunguko mzima, polepole, akisikiliza panapokwaruza.