Mafuta ya kutakatisha niliyatangaza kwa sauti yangu

Kama unakaa Goma na una redio nyumbani, pengine ulinisikia asubuhi, mbele ya habari za saa moja. Nilikuwa nasema mafuta mapya yamefika Birere, yanatakatisha ngozi kwa siku 7, bei ya chini, mama usichelewe. Komunike hiyo niliisoma mara 2 kwa siku, kwa muda wa miezi 3. Mwenye duka alilipa redio. Mimi alinipatia dola 5 kila wiki pembeni, ile sisi waandishi wa habari wa Congo tunaita kupaje. Siku ya kwanza aliongeza na chupa moja ya mafuta yenyewe. Mimi sipendi mafuta yenye harufu kali, basi chupa hiyo nilimpatia mdogo wangu.

Ni juu ya chupa hiyo ninaandika leo.

Mdogo wangu alifika kwangu mwezi wa pili mwaka 2024, wakati vita ilipofika Sake. Alikuja kwa miguu na watoto 3, wa mwisho akiwa mgongoni. Nyumba yangu ni vyumba 2. Tulilala watu 9 kwa wiki 3, kisha akaniambia, "Yaya, siwezi kukaa kwako kama mgeni asiyejua kuaga." Akaenda Bulengo, akasimamisha kibanda cha bashi juu ya mawe ya volkano kama wengine wote. Waliokaa kule wanajua ninachosema. Kunyesha ilikuwa shida, jua likiwaka ilikuwa shida pia, kwa sababu chini ya bashi ulikuwa unapikwa kama muhogo kwenye sufuria.

Nilimpa chupa ile kama zawadi. Nilifikiri mwanamke aliyepoteza shamba, nyumba na mbuzi anahitaji kitu kidogo cha kumfurahisha. Yeye alijipaka, jirani akaona, jirani akaomba kidogo, halafu jirani wa jirani akaja na franga zake mkononi. Mdogo wangu ana kichwa cha biashara tangu utoto. Baada ya mwezi mmoja alikuwa anapanda moto mpaka Birere, anarudi na vitu kwenye mfuko mweusi: sabuni za boksi, tibu za dawa ya ngozi zinazouzwa kama pipi, chupa ndogo za maji yasiyo na jina. Anamwaga yote kwenye beseni pamoja na mafuta ya kawaida, anakoroga kwa mwiko, anajaza kwenye vichupa vya zamani. Hiyo ndiyo melanji. Kichupa kimoja franga 1,000. Kwa melanji hiyo watoto walikula, wakapata kandambili na daftari.

Mimi nilimsifu. Hata nilisema kwenye redio kwamba wanawake wa kambini wanajitegemea.

Ngozi yake ilitakata kweli. Uso ukawa wa rangi ya chungwa, lakini vidole vya mikono kwenye viungo vilibaki vyeusi. Hapa kwetu tuna mzaha wa zamani: uso Fanta, vidole Koka. Tulimcheka, naye akacheka pamoja nasi.

Mwezi wa saba alijikata mguuni kwa jiwe. Kila mtu wa Goma amekatwa na mawe yetu, si habari. Unaosha, unafunga, wiki moja umesahau. Kidonda chake kilikaa wiki moja, mwezi, miezi 2, hakikufunga. Wakati huohuo alikuwa anasimama kwenye mstari wa unga tangu asubuhi, na jua lilimchoma uso mpaka ukabambuka kama ganda la kiazi. Siku nilipoenda kumwona, niliona mishipa midogo myekundu kwenye mashavu yake, kama ramani. Nikamchukua mpaka kituo cha afya.

Muuguzi hakuuliza juu ya kidonda. Alishika mkono wa mdogo wangu, akaangalia vidole, kisha akauliza polepole, "Mama, unajipaka nini?"

Mdogo wangu akasema, "Mafuta tu." Muuguzi akaendelea kungoja. Mwishowe mdogo wangu akafungua kikapu, akatoa kichupa.

Huyo muuguzi ni mtu wa subira sana. Alituambia kwamba wiki ileile alikuwa na mama aliyezaa kwa kupasuliwa, na nyuzi zilikuwa zinakata nyama kwa sababu ngozi ya tumbo ilikuwa nyepesi. Yule mama naye alikuwa na kichupa. Hakusema alikinunua kwa nani. Mdogo wangu aliangalia chini, nami pia.

Nilirudi peke yangu kesho yake na kinasa sauti, nikamwomba anieleze kama mtu asiyejua kitu. Alianza na zile tibu. Ndani yake kuna dawa inayoitwa klobetasoli. Ni dawa ya kweli, ya magonjwa ya ngozi, ya kupaka kidogo mahali penye ugonjwa, na kwa kawaida isizidi wiki 2. Watu wetu wanaipaka mwili mzima, miezi, miaka. Ngozi inakuwa nyepesi, michirizi inatokea, vidonda vinakataa kupona. Na dawa haibaki juu ya ngozi, inaingia katika damu, inaweza kupandisha sukari na presha. Alinikataza kitu kimoja ambacho mimi nilikuwa tayari kukitangaza: nisiwaambie watu waache yote siku moja. Mtu aliyejipaka tibu hizo muda mrefu mwili wake umezizoea, akizikata ghafla anaweza kuugua vibaya. Aende kwanza kituo cha afya, aonyeshe anachotumia, apunguze akiongozwa.

Kuhusu chupa zisizo na jina, yeye anafikiri nyingi ni hidrokinoni. Nilipofika nyumbani nilisoma zaidi, nikajifunza kwamba hidrokinoni ndiyo dawa waliyotumia wapiga picha wa zamani kusafishia picha nyeusi na nyeupe. Kwenye ngozi inazuia mwili kutengeneza rangi yake. Mwanzoni unafurahi. Ukiendelea miaka, madoa ya bluu na nyeusi yanaweza kutokea kwenye mashavu na kwenye paji la uso, palepale ulipotaka kutakata, na kuyaondoa ni kazi ngumu sana. Jua linazidisha. Ile rangi nyeusi mtu anayoitoa ndiyo mwavuli wake, na mkaaji wa kambi hana mwavuli mwingine.

Lakini sabuni ndiyo iliniondolea usingizi.

Boksi la sabuni za mdogo wangu limeandikwa kwa Kiingereza. Sisi hapa tumesoma Kifaransa, basi nililipeleka kwa mwenzangu aliyesoma Uganda. Akanitafsiria: usiguse dhahabu, fedha, wala vitu vya kujipamba wakati unatumia sabuni hii. Nilicheka kwanza. Sabuni gani inaogopa pete?

Kisha nikamkumbuka mjomba wangu. Alichimba dhahabu Kamituga miaka mingi. Nikiwa mtoto alituonyesha merkiri, yaani zebaki, kwenye kichupa: maji mazito yanayong'aa, yanakimbia juu ya meza kama kitu kizima. Wanaimwaga kwenye mchanga uliosagwa, nayo inashika dhahabu, haiachi. Wanakamua kwenye kitambaa, kisha wanachoma lile donge, moshi unaondoka, dhahabu inabaki. Mjomba alikuwa anasema merkiri na dhahabu ni kama bibi na bwana wapya. Aliuvuta moshi huo miaka. Uzeeni mikono yake ilitetemeka, hakuweza kushika kikombe cha chai bila kumwaga. Hakuna muganga aliyempima, kwa hiyo siwezi kuapa ni kwa sababu gani. Mimi nina mawazo yangu.

Sasa unaelewa kwa nini boksi linasema ondoa pete. Onyo la namna hiyo ni moja ya alama ambazo wataalamu wa afya wanatufundisha kuangalia, kwa sababu zebaki inashika dhahabu hata kwenye beseni la kuogea. Zebaki inatakatisha, ndiyo. Pia inaharibu mafigo na mishipa ya fahamu. Na haimgusi anayeoga tu: inabaki kwenye kitambaa cha kujifutia, kwenye shuka, inapanda hewani, watoto wanavuta. Inapita kwa mimba mpaka kwa mtoto, na kwenye maziwa ya mama. Mdogo wangu alikuwa ananyonyesha. Mtoto wake alikuwa analala na shavu juu ya kifua chake, kwenye kibanda ambacho mtu mzima hawezi kusimama wima.

Sabuni ile sikuipima. Sikuwa na mahali pa kuipima wala pesa. Nasema tu nilichosoma kwenye boksi.

Nilirudi Bulengo siku ya Jumamosi. Nilikuwa nimejitayarisha kama kwa kipindi, na maneno yangu yamepangwa. Nilimwambia yote, tibu, chupa, sabuni, mjomba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Yaya, hayo mafuta nani alinipatia?"

Sikuwa na jibu.

Akaendelea, "Na nikiacha, watoto watakula nini? Utakuja kila siku na unga?" Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei. Nilikuwa na mshahara wa miezi 2 ambao haujalipwa, anajua. Tulikaa kimya. Mtoto alikuja na kichupa kitupu mkononi, anakitumia kama gari, na mimi nikamnyang'anya kwa nguvu mpaka akalia. Mdogo wangu aliniangalia, akachukua beseni, akaenda kumwaga nyuma ya vyoo. Hata kumwaga kwenyewe nilikuwa naogopa, lakini niliacha.

Tulipatana hivi: dola zote za kupaje ambazo sikuwa nimekula, ilibaki 30, zikawa mtaji wa maharagwe. Anauza kwa kikombe. Faida ni ndogo kuliko ya melanji, sitadanganya. Kuna wiki anakopa. Wateja wa zamani bado wanakuja kumwuliza, mmoja alimtukana kwamba anaficha mali nzuri kwa ajili ya matajiri wa muji. Kidonda kilifunga mwezi wa kumi, baada ya kupunguza mafuta jinsi muuguzi alivyomwongoza. Rangi yake ilirudi kwa mabaka, na hilo lilimwumiza kuliko kidonda. Alijifunga kitambaa usoni wiki nyingi.

Watu wananiuliza kwa nini serikali haikatazi. Jirani zetu Rwanda walianza kukamata mafuta haya madukani kwa nguvu mwisho wa mwaka 2018. Afrika ya Kusini ilikataza hidrokinoni kwenye vipodozi mwaka 1990, wakati mimi nilikuwa bado naingia kwenye mgongo wa mama. Kuhusu zebaki, inchi nyingi za dunia zilikutana Geneva mwaka 2023 chini ya Mkataba wa Minamata, zikakubaliana kwamba ifikapo 2025 vipodozi vyenye zebaki visitengenezwe wala kuvuka mpaka. Kwenye karatasi ni vizuri. Huku kwetu nenda Birere saa hii, utapangiwa mezani. Na sitaki afisa aje kumnyang'anya mama beseni lake huku muagizaji wa makontena anakunywa chai.

Ninayoweza kusema kwa mama na dada wanaosoma au wanaosomewa hapa ni haya. Ukiona mafuta hayana jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo, yaache. Ukiona kwenye boksi herufi Hg, au neno merkiri kwa lugha yoyote, au onyo juu ya pete na dhahabu, yaache. Kama uko na mimba au unanyonyesha, usingoje hata alama. Ukivimba uso au miguu, mikono ikitetemeka, usingizi ukikimbia bila sababu, peleka na kichupa chako kwa muuguzi. Usione haya. Yule wetu hakututukana.

Kwenye redio nilimwambia mkubwa wangu kwamba sisomi tena komunike ya mafuta. Aliniuliza nani atalipa mafuta ya jenereta. Ni swali la kweli, nalo sikuwa na jibu lake. Alinikubalia nifanye kipindi cha dakika 20 na muuguzi, siku ya Jumatano jioni, na simu zilikuwa nyingi mpaka tukapita muda. Mwanaume mmoja alipiga akasema ni wanaume wanaotaka wanawake weupe, tusiwalaumu wanawake peke yao. Tulimpa dakika 3 zaidi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa natembea kwenda kazini. Kwenye kibanda cha mtengeneza viatu redio ilikuwa wazi, mbele kidogo ya saa moja. Komunike ilikuwa ileile, maneno yaleyale, siku 7, bei ya chini, mama usichelewe. Mwenzangu kijana ndiye alikuwa anaisoma, na anaisoma vizuri kuliko mimi.