Maziwa ya Oktoba

Watu wa mjini wanadhani kiangazi ni jua kali. Kwetu Shinyanga, kiangazi ni hesabu, na hesabu yenyewe inaanza mvua zikiwa bado zinanyesha.

Mvua za Novemba zikishika, baba anafunga ngitili. Haweki uzio. Anasema tu, na majirani wote wanajua kipande kile hakiguswi. Kinafunguliwa kiangazini, malisho ya nje yakiisha, kwanza kwa ndama na mama zao, na kwa ng'ombe wazee wasioweza kutembea mbali.

Utaratibu huu ulikaribia kufa. Miaka ya vijiji vya ujamaa watu walihamishwa, wakaziacha ngitili zao nyuma. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulikuja kufufua kile ambacho Wasukuma walikuwa nacho tayari.

Sasa mdogo wangu anataka kulima pamba pale. Ana watoto watatu. "Kaka, nyasi hazilipi ada," aliniambia, na sikuwa na jibu. Baba naye alinitazama, eti mimi ndiye msomi. Msomi gani, anayenunua maziwa ya pakiti Dar es Salaam?

Anayejua maziwa yanakata lini ni mama, na hakuna aliyemuuliza. Nikamuuliza. Aliendelea kuosha kibuyu chake, kisha akasema, "Limeni. Oktoba wajukuu zangu watakunywa pamba."

Mdogo wangu alicheka, halafu akanyamaza. Ngitili imefungwa tena. Kwa mwaka huu.