Maji yasirudi

Basi bwana, wota pampu ya gari langu ilikufa, na spea nikaitafuta Kariakoo mpaka viatu vikalalamika. Fundi wangu akaja na wazo: tufunge pampu mbili za umeme, za volti 12, sambamba. Moja ikifa, nyingine inifikishe nyumbani. Nikacheka. Akanikumbusha kuwa Prius ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2009, injini yake haina mkanda hata mmoja, na wota pampu ni ya umeme. Nikanyamaza, nikatoa hela.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nilidhani pampu ikizima inajifunga yenyewe. Haijifungi! Ndani kuna kifeni tu, maji yanapita humo kinyumenyume bila wasiwasi. Kwa hiyo pampu moja ikifa, ile nzima inasukuma maji yanarudi kupitia kwa marehemu, yanazunguka palepale, huku injini inachemsha. Yaani akiba yangu ndiyo ingeniulia silinda hedi! Lazima kila pampu iwe na valvu yake ya kuzuia maji yasirudi.

Nikakimbilia duka la vifaa vya mabomba. Za PVC nikaziacha, maana mwisho wake ni nyuzi 60 hivi, na maji ya injini yanafika 90 na kuendelea. Nikachukua ya shaba yenye springi, inang'aa kweli. Fundi akaiweka mdomoni, akapuliza. Mishipa ya shingo ikamtoka. Akapuliza nyingine, yenye kamlango kanakoning'inia tu, ikafunguka kwa pumzi.

"Pampu zako zina nguvu kama mapafu yangu, mdogo wangu," akasema.

Nikaelewa. Pampu ya nyumbani inapandisha maji ghorofani. Hizi zetu husukuma mita chache. Springi inayodai baa 0.3 imeshakula mita tatu.

Kamlango nako kana masharti: kalazwe, au maji yapande juu. Maji yakishuka, kanabaki wazi na hakazuii kitu. Tundu lisiwe jembamba kuliko mpira wa rejeta. Sili ya mpira iwe EPDM, inavumilia joto na kulanti.

Jumamosi tukazima pampu moja makusudi, juani, injini inanguruma. Mshale ukapanda kidogo, ukasimama. Tukabadilisha, tukazima ile nyingine. Vilevile.

Ile ya springi iko mezani kwangu chumba cha habari, inashikilia karatasi. Bei yake msiniulize.